Kabla ya Kuamini Kalsiamu, Uliza Damu Ilitolewaje

Karatasi ya maabara ikirudi ICU kwetu, wodi ya wagonjwa mahututi, na kalsiamu ya 1.7, yaani iliyoshuka, swali la kwanza si "tumpe dawa kiasi gani?" Swali ni nani alitoa hiyo damu, aliitoa mkono upi, na ilikaa muda gani kabla ya kupimwa. Wageni wodini hudhani tunamtafuta mchawi. Hapana. Kati ya vipimo tunavyovitumia kila zamu, sijaona kinachoharibika kirahisi kama hiki, na kikiharibika hakikwambii. Kinatoa namba safi yenye desimali mbili, na mtu anaiandikia dawa.

Mimi ni muuguzi wa ICU katika hospitali ya rufaa hapa Tanzania. Mengi ninayoyaandika nimeyaokota kitandani kwa wagonjwa, na mengine niliyasoma baada ya kuchoka kuona madaktari wawili wakibishana juu ya karatasi moja, kila mmoja akiwa na hoja.

Ubishi wenyewe huanzia hapa. Kalsiamu iliyomo kwenye damu haiko katika hali moja. Karibu nusu yake iko huru, na hiyo ndiyo inayofanya kazi: inausukuma moyo ubane, inaipa mishipa ya damu nguvu, inafanya misuli iitikie, na bila hiyo damu haigandi. Karibu asilimia 40 imeshikwa na protini, hasa albumini, na ikiwa imeshikwa haina kazi. Asilimia 10 hivi inayobaki imeungana na vitu vidogo kama fosfeti, sitreti na lakteti. Mashine kubwa ya maabara huzipima zote kwa pamoja na kukupa jumla. Kwa mtu mzima mwenye afya jumla hiyo huwa kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita, na iliyo huru peke yake huwa kati ya 1.15 na 1.30 hivi.

Kwa mtu aliyekuja kliniki kwa miguu yake, jumla inatosha, maana uwiano kati ya makundi hayo matatu haujavurugika. Kwa mgonjwa wa ICU umevurugika vibaya. Albumini imeshuka, asidi ya damu imepanda au imeshuka, figo zimegoma, na pengine ameongezewa damu mara kadhaa tangu jana. Ukimpimia jumla, umepima kitu kingine kabisa na si kile kinachouendesha moyo wake.

Wengi wetu tulifundishwa kuliziba pengo hilo kwa hesabu. Mwaka 1973 Payne na wenzake huko Uingereza walichapisha njia ya kurekebisha kalsiamu kulingana na albumini, na kutoka hapo ikazaliwa kanuni iliyobandikwa kwenye kuta za wodi nyingi: kwa kila gramu moja ambayo albumini imepungua chini ya 40 kwa lita, ongeza 0.02 kwenye kalsiamu. Hesabu nyepesi, unaifanya kwa simu. Nimewaona madaktari wazuri wakiifanya bila hata kukaa chini.

Kuna mzee mmoja aliyeletwa kutoka chumba cha upasuaji, utumbo ulikuwa umetoboka na tumbo lote limejaa usaha. Kalsiamu yake ya jumla ilikuwa 1.75, albumini 18. Daktari wa zamu akapiga hesabu: 22 mara 0.02 ni 0.44, jumlisha na 1.75, unapata 2.19. "Iko sawa, Sista, hiyo tuiache." Na kwa kanuni alikuwa sahihi. Lakini noradrenalini ya yule mzee, dawa ya kupandisha presha, tulikuwa tunaiongeza kila baada ya saa, presha haitaki kukaa. Siku hiyo tulikuwa na katriji za mashine ndogo ya kupima gesi za damu, zenye kipimo cha kalsiamu huru, nikaomba tupime kutoka kwenye mrija wa ateri. Ikatoka 0.91. Daktari akaniangalia, akasema rudia. Nikarudia na sindano mpya, ikatoka 0.90. Alipewa kalsiamu taratibu, na usiku ule noradrenalini ilishuka kidogo. Sisemi kalsiamu ndiyo iliyomwokoa, maana alirudishwa kusafishwa tumbo mara ya pili na antibaiotiki ilibadilishwa. Ninachosema ni kwamba ile 2.19 haikuwa imepimwa na mtu yeyote. Ilikuwa imekisiwa.

Na kanuni hiyo hukosea kwa upande wa pili pia. Nimemwona mama aliyedhoofu kwa ugonjwa wa muda mrefu, kanuni ikisema kalsiamu iko chini, ile huru ikipimwa ni 1.18, haina tatizo lolote. Wangefuata hesabu, wangemwongezea dawa asiyoihitaji. Watafiti waliolinganisha kanuni hizi na kipimo halisi kwa wagonjwa mahututi wamekuta mambo hayo hayo, na ndiyo maana sehemu zenye mashine nzuri hawahangaiki nazo tena ICU. Shida ni kwamba sisi mashine nzuri tunayo leo, kesho katriji zimekwisha.

Nitoke nje ya mada kidogo, maana hii habari huwa inanifurahisha. Kazi ya kalsiamu kwenye moyo iligunduliwa kwa vyura, tena kwa bahati. Miaka ya 1882 na 1883, daktari Sydney Ringer wa London alikuwa akiweka mioyo ya vyura kwenye maji ya chumvi aone inadunda kwa muda gani. Ilidunda vizuri. Baadaye akagundua kuwa maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba, si yale yaliyotoneshwa. Alipotumia maji yaliyotoneshwa, mioyo ikasimama. Maji ya bomba la London yalikuwa na kalsiamu. Jina la huyo Ringer ndilo tunalolitaja kila siku tukiomba dripu. Halafu katika miaka ya 1930 huko Chicago, McLean na Hastings walipotaka kupima kalsiamu huru ya binadamu walirudi kwa chura yule yule: waliuweka moyo wake kwenye majimaji wanayoyapima, wakaangalia unabana kwa nguvu kiasi gani, na kutokana na nguvu hiyo wakakisia kiasi cha kalsiamu. Elektrodi zinazoitambua kalsiamu huru moja kwa moja zilikuja katika miaka ya 1960. Kwa hiyo ninapolalamika kwamba katriji zimeisha, najikumbusha kuwa kuna watu waliopima kwa moyo wa chura.

Turudi kwenye sindano. Kalsiamu huru inafuata asidi ya damu. Damu ikipungua asidi, yaani pH ikipanda, albumini inaishika kalsiamu zaidi na ile huru inapungua. pH ikishuka, albumini inaiachia. Kwa makadirio, pH ikipanda kwa 0.1, kalsiamu huru hushuka kwa 0.05 hivi. Hilo lina maana mbili kwa muuguzi.

Ya kwanza ni ya sampuli. Damu ikikaa na hewa, kaboni dayoksaidi inatoroka, pH inapanda, na kalsiamu huru inashuka ndani ya sindano wakati mgonjwa mwenyewe hana habari. Damu ikisahaulika kwenye trei huku unamgeuza mgonjwa mwingine, seli zinaendelea kula sukari na kutengeneza lakteti, asidi inaongezeka, na namba inapanda. Kwa hiyo sindano ileile inaweza kukudanganya kwa kwenda juu au kwenda chini, inategemea ulivyoizembea. Tunachofanya ni kutoa kipovu cha hewa mara moja, kuifunga kifuniko, kuiviringisha kati ya viganja ili heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ichanganyike, na kuipeleka kwenye mashine mikono ikiwa bado na glavu. Muuguzi akiitwa njiani, anaitika akiwa anatembea.

Kisha ipo heparini yenyewe. Sindano zilizotengenezwa maalumu kwa ajili ya gesi zina heparini kavu iliyosawazishwa, haisumbui kalsiamu. Zikikosekana, na hukosekana, watu huvuta heparini ya maji kwenye kichupa cha uniti 5,000 kwa mililita, wanalowesha ndani ya sindano, wanaisukuma nje, wanaenda. Ukiangalia sindano iliyosukumwa namna hiyo, ishike kwenye mwanga: pale shingoni, kati ya bomba na sindano yenyewe, kuna tone limebaki. Likiwa la mililita 0.1 tu, ni uniti 500. Heparini huishika kalsiamu, na maji yake yanaichanganya damu iwe nyepesi. Halafu mtu anatoa nusu mililita ya damu kwa huruma, kwamba mgonjwa ana upungufu wa damu. Hapo umepima heparini. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi hilo tone kabla ya kuwaeleza lolote, na baada ya kuliona hawahitaji maelezo marefu. Kama huna sindano maalumu, badilisha sindano baada ya kulowesha, sukuma hewa mpaka ikauke, na jaza damu ya kutosha.

Mengine ni ya kawaida lakini huleta balaa lile lile. Mpira wa kufungia mkono ukikaa muda mrefu, maji yanatoka kwenye mshipa, protini inabaki nyingi, na kalsiamu ya jumla inapanda. Damu ikitolewa mkono wenye dripu, unapima dripu. Mrija wa ateri usipomwaga damu ya kwanza ya kutosha, unapima maji ya kuusafishia. Na kichupa cha zambarau.

Kichupa cha zambarau kina EDTA ya potasiamu, ambayo kazi yake ni kuishika kalsiamu yote ili damu isigande. Siku moja karatasi ilirudi ikiwa na potasiamu 8.9 na kalsiamu ya jumla 0.6, ya kijana aliyekuwa amelala akitazama dari na kuuliza chai inakuja saa ngapi. Daktari aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo akaruka. Potasiamu ya 8.9 inaua, na alifundishwa vizuri: kalsiamu kwa ajili ya moyo, insulini na sukari kwa ajili ya kuisukuma potasiamu ndani ya seli. Alikuwa ameshavunja ampuli. Nikamwambia, "Dokta, hebu iangalie monita kwanza." Mawimbi yalikuwa mazuri, hayana hata dalili ya kuchongoka kunakoletwa na potasiamu nyingi. Simu ikapigwa maabara, na kaka wa maabara akacheka kabla hatujamaliza: damu ilijazwa kichupa cha zambarau, ikaonekana ya kichupa chekundu haitoshi, mtu akamimina kidogo kutoka kule kwenda huku. Potasiamu iliyopanda sana pamoja na kalsiamu iliyoshuka mno kwa mgonjwa asiye na dalili ni saini ya EDTA. Sampuli ya pili ilitoa potasiamu 4.1. Insulini ile ingeingia, ingeshusha potasiamu ambayo haikuwa na kosa.

Maana ya pili ya pH ni ya mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia akipumulishwa kwa kasi kupita haja yake, kaboni dayoksaidi inashuka na pH inapanda, na kalsiamu huru inashuka kweli, si ya kwenye sindano tu. Tuliwahi kuwa na mmoja, pH 7.58 na kalsiamu huru 1.01. Wapo waliotaka kuanza dripu ya kalsiamu. Daktari bingwa wa usingizi alikuja, akapunguza idadi ya pumzi kwenye mashine, akasema tupime tena baada ya nusu saa. Kalsiamu ikarudi 1.10 bila ampuli hata moja. Tangu hapo sisomi kalsiamu huru bila kusoma pH iliyo juu yake kwenye karatasi ile ile. Tahadhari moja: mashine nyingine huandika namba mbili, ile halisi na nyingine iliyorekebishwa kana kwamba pH ni 7.4. Moyo wa mgonjwa unaishi kwenye ile halisi.

Damu ya kuongezewa ni sura nyingine, na hapa Tanzania tunaiona zaidi kwa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Ili damu isigande kwenye mfuko huwekewa sitreti, na sitreti inafanya hivyo kwa kuishika kalsiamu. Mfuko wa mililita 450 za damu nzima una mililita 63 za dawa hiyo ya kuhifadhi. Mfuko mmoja ukienda taratibu kwa mtu mwenye ini zima, ini linaimaliza sitreti bila wewe kujua. Mama aliyepoteza damu nyingi, amekuwa baridi, ini lake halipati damu ya kutosha, na unamwingizia mfuko baada ya mfuko kwa kuubana kwa mikono: sitreti inalundikana, kalsiamu huru inaanguka, na damu ambayo ulitaka igande ndiyo kwanza haigandi. Plazma ina sitreti nyingi zaidi kuliko seli nyekundu zilizotenganishwa. Jumla ya kalsiamu katika hali hiyo inaweza kuonekana ya kawaida kabisa, kwa sababu kalsiamu iliyoshikwa na sitreti nayo inahesabiwa na mashine kubwa. Kama kuna mgonjwa mmoja ambaye jumla haifai kabisa kwake, ni huyu. Kwa mama wa namna hiyo hatungoji karatasi ya maabara irudi. Tunapima huru kila baada ya mifuko kadhaa kama katriji zipo, na zisipokuwepo daktari huandika kalsiamu kwa kuhesabu mifuko iliyoingia.

Lipo pia suala la kufanya kazi bila namba. Mama mmoja aliletwa kwetu kwa uangalizi wa usiku baada ya kutolewa goita, kubwa kweli, ya miaka. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nne ndogo zinazosimamia kalsiamu, na katika upasuaji mgumu zinaweza kupata msukosuko au kutolewa bila kukusudia. Usiku wa pili akaniita kwa sauti ya chini: "Mwanangu, midomo inakufa ganzi, na vidole." Katriji hazikuwepo, na maabara kubwa ingejibu asubuhi. Daktari akaja, akamgonga kidogo mbele ya sikio, mdomo ukacheza upande mmoja. Hiyo peke yake si ushahidi wa kutosha kwamba kalsiamu imeshuka, wapo watu wenye afya kabisa ambao mdomo wao hucheza hivyo. Akapandisha kafu ya presha mkononi mpaka juu ya presha yake ya juu, akaiacha hapo dakika tatu. Nilikuwa nimekishika kile kiganja. Kidole gumba kiliingia ndani, vingine vikanyooka na kukusanyika, kifundo kikapinda, bila yeye kutaka: mkono ukawa kama wa mkunga anayejiandaa kumpima mama. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha sehemu iitwayo QT imerefuka, nayo ni dalili ya kalsiamu iliyoshuka. Akapewa glukoneti ya kalsiamu, mililita 10 za asilimia 10, kwa dakika kumi, macho kwenye monita. Kabla sindano haijaisha alisema ganzi imeanza kuondoka midomoni. Asubuhi maabara wakajibu 1.6, na hakuna aliyeshangaa.

Kuhusu dawa yenyewe, kuna jambo linalopotea kwenye makabidhiano ya zamu. Ampuli ya kalsiamu glukoneti na ya kalsiamu kloridi, zote za mililita 10 na asilimia 10, si sawa. Ya kloridi ina kalsiamu karibu mara tatu: milimoli 6.8 dhidi ya 2.2 hivi. Ukisema "nimempa ampuli moja ya kalsiamu" hujasema kitu. Kloridi tunaipitisha kwenye mshipa mkubwa tu, maana ikitoka nje ya mshipa mdogo inaunguza nyama mpaka inakufa. Na zote mbili usizipitishe kwenye mrija wenye bikaboneti, zitaganda kuwa chokaa, chokaa halisi, utaiona nyeupe kwenye mrija. Seftriaksoni nayo haipatani na kalsiamu kwenye mrija mmoja, na kwa watoto wachanga hazichanganywi kabisa, kwa sababu kumetokea vifo.

Wapo wagonjwa ambao kalsiamu wanapewa na haipandi. Unatoa asubuhi, unapima, imepanda kidogo, jioni imerudi pale pale. Wengi wao magnesiamu iko chini: aliharisha kwa muda mrefu, au yuko kwenye dawa za kukojoza maji, au ni mnywaji. Magnesiamu ikipungua sana, zile tezi ndogo za shingoni hazitoi homoni yake vizuri, na mwili hauitikii hata ile kidogo inayotoka. Ukirudisha magnesiamu, kalsiamu inajinyanyua.

Kinyume chake ni mama mwenye kifafa cha mimba. Huyu tunampa magnesiamu salfeti nyingi kwa makusudi, na ikizidi nayo huzizuia tezi zile zile, hivyo kalsiamu yake kushuka kidogo si ajabu. Hapa daktari wetu wa akina mama ni mkali: hataki kalsiamu iandikwe kwa ajili ya namba tu, kwa sababu kalsiamu ndiyo kinga dhidi ya magnesiamu, na ukiitoa ovyo unaipinga dawa inayomzuia asidegedege. Lakini gramu moja ya glukoneti inakaa kando ya kitanda, imeandikwa jina, tangu dozi ya kwanza. Goti lisipoitikia nyundo, pumzi zikishuka chini ya 16 kwa dakika, magnesiamu inasimamishwa na ile kalsiamu inaingia. Hapo hatupimi kwanza.

Sasa, je, kila kalsiamu huru iliyoshuka itibiwe? Nilipoanza nilidhani jibu liko wazi. Wagonjwa wengi mahututi wana kalsiamu iliyoshuka, na kadiri mtu anavyoumwa zaidi ndivyo inavyoshuka zaidi, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba kuipandisha ile iliyoshuka kidogo kunawasaidia kuishi. Inaweza kuwa ni alama ya ukali wa ugonjwa, si chanzo chake. Denmark walijaribu kalsiamu kwa watu ambao moyo umesimama nje ya hospitali, matokeo yakachapishwa 2021: utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu waliopewa kalsiamu walielekea kufanya vibaya kuliko waliopewa maji ya chumvi. Kwa hiyo kwetu, 1.05 kwa mgonjwa aliyetulia, presha nzuri, ECG nzuri, tunaiandika na kuipima tena. Chini ya 0.9 au kukiwa na dalili, kuvuja damu, au presha inayogoma, daktari anaitwa. Hapo katikati kuna ubishi, na sidhani utaisha karibuni.

Ndugu wakati mwingine huleta majibu kutoka maabara za nje yakiwa kwa miligramu kwa desilita. Kalsiamu huru ya 4.8 katika kipimo hicho ni ya kawaida kabisa. Ukiisoma kama milimoli utapiga kelele. Kwa kalsiamu, zidisha kwa 0.25 na utajua uko wapi.

Na kwa kuwa wodi nzima ilishazoea kuitafuta iliyoshuka, iliyopanda karibu itupite. Kijana wa bodaboda aliyevunjika mapaja yote mawili na kuumia kichwa alikaa nasi wiki nyingi bila kuinuka. Alikuwa ameanza kupona, halafu akaanza kuzubaa tena, choo kikawa kigumu, mkojo mwingi. Watu wakafikiria kichwa. Kalsiamu ya jumla ilisema 2.58, iko ndani ya kawaida, na albumini yake ilikuwa 22. Huru ikatoka 1.54. Kijana mwenye mifupa inayojijenga upesi akilala muda mrefu bila kuikanyaga, mifupa hiyo inaanza kumwaga kalsiamu kwenye damu. Aliandikiwa dripu ya chumvi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatakiwa kuja kila siku na kumkalisha kitandani, na vile vidonge vya kalsiamu vilivyokuwa vikisagwa na kupitishwa kwenye mrija wa pua ili mifupa iunge haraka vikafutwa kwenye chati.